Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutunza brasi na trei za kunyoosha meno nyumbani

Kwa daktari unaenda mara moja kila wiki nne hadi nane, tena unakaa kwenye kiti nusu saa hivi. Muda mwingine wote brasi unazo wewe: kwa mama ntilie, bwenini, ndani ya daladala, kitandani. Ndiyo maana maswali mengi tunayoletewa yanahusu jikoni na bafuni kuliko kliniki. Haya ndiyo yanayorudi kila wiki. Humu tunaita brasi vile vyuma vinavyogandishwa kwenye meno. Braketi ni kile kipande kimoja kilichokaa juu ya jino moja. Trei ni yale maganda ya plastiki angavu yanayovaliwa na kuvuliwa, kama ya Invisalign.

Nimewekewa brasi jana, leo hata wali unanishinda. Kuna kilichoharibika?

Hapana. Jino haliwezi kuhama bila kusukumwa, na likisukumwa mfupa unalika upande mmoja na kujengeka upande wa pili. Kazi hiyo inauma. Maumivu huanza saa chache baada ya kuwekewa, hukolea kesho yake, kisha hupungua taratibu. Wengi huwa wamezoea ndani ya wiki. Utayapata tena kidogo kila waya unapobadilishwa, au unapovaa trei mpya.

Siku hizo kula vinavyoteremka vyenyewe: mtori, uji, viazi vya kuponda, parachichi, mayai, ugali laini na mlenda, maharage yaliyoiva hadi kupasuka. Panadol au parasetamoli nyingine inatosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Madaktari wengi huipendelea kuliko dawa za kupunguza uvimbe, kwa kuwa ule uvimbe mdogo kwenye mizizi ni sehemu ya kazi ya kuhamisha jino. Mashavu na midomo iliyochubuka sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye kijiko kidogo cha chumvi kwa glasi. Ila jino moja likipwita, au shavu likivimba, usisubiri wiki iishe. Piga simu.

Nipige mswaki vipi? Nikimaliza, chakula bado naona kimebaki.

Kwa sababu unapiga kama zamani, wakati sehemu za kushika chakula zimeongezeka. Kila braketi ina ukingo wa juu, ukingo wa chini na pembe mbili za pembeni, na waya umepita juu yake.

Chukua mswaki laini wenye kichwa kidogo. Anza na mstari ulio kati ya ufizi na braketi: laza mswaki kwa mshazari ukielekea ufizi, zungusha polepole, jino kwa jino. Kisha geuza uelekee upande wa pili, uingie chini ya waya kutoka kwenye ncha za meno. Halafu piga uso wa braketi zenyewe. Maliza kwa sehemu za kutafunia na upande wa ulimi, ambao karibu kila mtu anausahau. Tumia dawa ya mswaki yenye floraidi. Ya mtu mzima huwa na sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, na imeandikwa kwenye boksi. Ukimaliza, tema tu. Usisukutue kwa maji mengi, maana unaiosha ile floraidi kabla haijafanya kazi.

Dakika mbili ni kwa asiye na brasi. Wewe hesabu nne au tano usiku, na hapo sijaweka uzi. Mswaki wa umeme unafaa, ingawa si lazima. Wa kawaida ulio mikononi mwa mtu asiye na haraka unausafisha mdomo vizuri kabisa.

Shida yenyewe ni ukoga. Ukikaa kuzunguka braketi, bakteria waliomo hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huchota madini kwenye jino. Alama yake ya kwanza ni doa jeupe kama chaki pembezoni mwa braketi, na linaweza kutokea ndani ya wiki chache tu. Nimeona watu wakivuliwa brasi baada ya miaka miwili, meno yamenyooka kama mstari wa rula, na kila jino lina fremu nyeupe pale braketi ilipokuwa. Doa hilo hufifia kiasi, lakini mara nyingi haliishi lote.

Mwanangu yuko bweni. Maji ya shida, muda mfupi. Afanyeje?

Mswaki hauhitaji bomba. Kikombe kimoja cha maji kinatosha: nusu ya kusukutua kwa nguvu kabla ya kupiga, ili chakula kikubwa kitoke, na nusu ya kuosha mswaki. Baada ya chakula cha mchana, asipopata nafasi ya kupiga mswaki, asukutue mara mbili tatu na kumeza au kutema. Ule wa usiku ndio usiokosekana kwa namna yoyote, kwa sababu usingizini mate hupungua na mdomo unabaki bila mlinzi.

Mfungashie mfuko wake mdogo: mswaki wa akiba, dawa, brashi nyembamba za kupita kati ya meno, nta ya brasi, kioo kidogo, na raba zake za kuvuta taya kama amepewa. Na mwandikie matroni barua, au umwombe daktari aandike, ikisema mtoto anatibiwa, ana dawa gani za maumivu, na nani apigiwe simu waya ukitoka. Bila barua hiyo mtoto hukaa na waya unaomchoma shavu hadi siku ya kutembelewa, na tumewaona wa namna hiyo.

Kuhusu makande au githeri ya shule: punje ngumu za mahindi ni adui. Atafune kwa magego, taratibu, na aache zile zisizoiva. Siku mbili za kwanza baada ya kukazwa, ale maharage na mchuzi.

Mimi natumia mswaki wa mti. Unatosha?

Unasaidia, hautoshi. Nyuzi zake zikilowekwa na kulainika husugua vizuri uso wa jino na mstari wa ufizi, lakini haziingii chini ya waya. Utumie mchana ukipenda. Asubuhi na usiku tumia wa brashi na dawa yenye floraidi. Usiupitishe kwa nguvu kwenye braketi, unaweza kuibandua.

Uzi wa meno unapitaje wakati waya umeziba?

Unapitishwa chini ya waya kwanza. Zipo sindano za plastiki zenye tundu kubwa za kupenyezea uzi, na zipo nyuzi zenye ncha iliyokakamaa ambazo hazihitaji sindano. Penyeza nyuma ya waya, vuta, shuka hadi ufizini, kumbatia jino moja kisha jirani yake, toa, nenda pengo linalofuata. Inachosha. Ukishindwa kila siku, tumia ile brashi nyembamba inayofanana na brashi ya kuoshea chupa, ipitishe kati ya braketi na braketi, na uzi ufanye kwa siku unazoweza. Kijiti cha meno kiache: kinavunjikia ndani na kinapinda waya.

Fizi zikitoa damu usiache kupiga mswaki kwa kuziogopa. Mara nyingi zinatoka damu kwa sababu ya ukoga. Safisha kwa upole siku saba hadi kumi, zitatulia. Zisipotulia, sema.

Nile nini na niache nini? Msiniambie niache kila kitu.

Hatutasema hivyo. Gawa kwa makundi mawili: vinavyovunja na vinavyoganda.

Vinavyovunja ni muwa, mahindi ya kuchoma, karanga, kashata, bisi, mihogo mikavu, barafu ya kutafuna, mifupa. Muwa uache kabisa hadi brasi zitoke, kunywa juisi yake ukibidi, ingawa ni sukari tupu. Mahindi ya kuchemsha yaliyoiva pukuchua punje ule kwa mkono. Nyama choma ikatwe vipande vidogo, itafunwe nyuma. Kung'ata kwenye mfupa hapana. Embe bichi, karoti na tofaa vikatwe vipande vyembamba, kwa sababu balaa linatokea pale unapong'ata kwa meno ya mbele. Ubuyu wa rangi, ule wa Unguja na Mombasa, una makosa yote mawili: sukari inayoganda nje na kokwa ngumu ndani. Ukishindwa kuuacha, umung'unye, mbegu uiteme bila kuing'ata, kisha ukasukutue.

Vinavyoganda ni gubiti, karameli, bazoka, halua na tende. Halua na tende si ngumu, hazitavunja kitu, ila zinajishindilia pembeni mwa braketi. Ukila, kunywa maji juu yake na upige mswaki usiku ule bila kisingizio.

Chapati, maandazi, wali, pilau, samaki, ndizi, ugali, mboga za majani: kula. Mchicha na matembele vitakukaa mbele ya kadamnasi, basi uwe na kioo.

Sasa jambo ambalo watu hawalitarajii. Chai ya maziwa yenye sukari inayonywewa kidogokidogo kuanzia saa tatu hadi saa sita inaharibu kuliko soda moja iliyonywewa na chakula. Kila mkupuo wa sukari huwapa bakteria nafasi ya kutengeneza asidi, na mate huchukua nusu saa au zaidi kuituliza. Ukinywa mkupuo mwingine kabla asidi haijatulia, saa inaanza upya. Hivyo punguza idadi ya mara kuliko kuhangaika na ukubwa wa kikombe. Hili linawahusu pia wanaotafuna miraa huku wakisindikiza na soda na pipi za kutafuna kwa saa nyingi.

Na ile tabia ya kufungua chupa kwa meno, kung'ata kucha na kalamu, sihitaji kuieleza.

Raba zangu zilikuwa angavu, sasa ni njano. Nimefanya nini?

Umekula pilau ya mama na mchuzi wa binzari. Manjano huingia kwenye zile raba ndogo zinazoshika waya na hakuna mswaki utakaoitoa. Haina madhara, na zitabadilishwa ziara ijayo. Kwa mtu wa pwani, au wa nyumba inayopika kwa manjano kila siku, chagua raba za kijivu au rangi iliyokolea.

Nimekulia Arusha, meno yangu yana madoa ya kahawia. Dawa yenye floraidi haitaongeza?

Swali zuri, na linaulizwa pia na watu wa Nakuru na Naivasha. Maji ya visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa, pamoja na miteremko ya Mlima Meru, yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya taya hutoka na madoa. Meno yakishaota, madoa hayo hayaongezwi na dawa ya mswaki unayoitema. Endelea kuitumia, maana kuoza nako kupo hata kwa meno ya kahawia. Kwa mdogo wako aliye chini ya miaka sita, weka dawa kidogo sana na umsimamie asimeze. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Yakipungua kwa kuchemka, inakolea.

Mwambie daktari mapema ulikokulia. Gundi ya braketi hushika kwa shida kwenye jino la namna hiyo, naye huandaa uso wake kwa namna tofauti.

Braketi imebanduka na leo ni Ijumaa jioni.

Si dharura. Kama bado inaning'inia kwenye waya, iache hapohapo, ifunike kwa nta isicheze, na upige simu kliniki ikifunguliwa. Ikitoka kabisa, itie kwenye karatasi uende nayo. Usiibandike kwa superglue. Gundi ile si ya mdomoni, inaunguza fizi, na daktari atapata kazi ya kuikwangua.

Waya ukichomoza nyuma na kukuchoma, usukume kwa mgongo wa kijiko cha chai hadi ulale, kisha bandika nta. Kausha chuma kwa pamba kwanza, la sivyo nta haishiki. Huna nta? Kipande kidogo cha pamba safi iliyoloweshwa kitakusitiri hadi asubuhi. Kuukata waya ni hatua ya mwisho, kwa aliye mbali na kliniki: kikata kucha kilichosafishwa kwa spiriti, kitambaa kimeshikilia ncha isianguke kooni, mtu mwingine akimulika tochi.

Ukimeza braketi, kwa kawaida itapita tumboni na kutoka. Lakini ukianza kukohoa bila kukoma au pumzi kuwa nzito, huenda imeingia njia ya hewa: nenda hospitali wakati huohuo.

Raba za kuvuta taya nivae kweli muda wote?

Ndiyo, isipokuwa daktari amekuambia vingine. Badilisha kila siku hata kama hazijakatika, kwa kuwa mvutano wake huisha. Ukisahau kuvaa jana, usivae mbili mbili leo. Meno hayalipwi deni kwa mkupuo. Ukiwashwa midomo au kuvimba, huenda ni mpira wa asili unaokukataa, na zipo zisizo na mpira huo.

Navaa trei. Saa ngapi kwa siku, na chai je?

Saa 20 hadi 22. Maana yake una saa mbili hivi, au tatu nne kwa ukarimu, za kula, kunywa na kupiga mswaki. Mdomoni ukiwa na trei kunywa maji ya kawaida peke yake. Chai ya moto inaipinda plastiki, rangi inaiganda, na sukari iliyonaswa chini ya trei inakaa juu ya jino bila mate ya kuiosha. Kwa hiyo mtu wa vikombe sita vya chai kwa siku ana kazi ngumu na trei kuliko na vyuma. Ni heri alijue hilo kabla ya kulipa.

Kuisafisha: maji baridi au ya vuguvugu, mswaki laini wa pembeni, tone la sabuni ya maji isiyo na rangi. Dawa ya mswaki huikwaruza, nayo mikwaruzo hushika harufu. Jik na maji ya moto visiiguse. Ukiivua, iweke kwenye kisanduku chake. Wanaoifunga kwenye tishu mgahawani huishia kutafuta kwenye pipa la taka, na wanaoiacha kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam huikuta imejikunja.

Ramadhani inakuja. Trei na saumu zinakwenda pamoja?

Mchana ni rahisi kuliko mwezi mwingine wowote: kwenye pwani yetu saumu ni kama saa 13 na kidogo, na muda wote huo trei inakaa mdomoni. Usiku ndio unaokula hesabu. Futari, kisha kaimati na juisi, kisha tarawehe, kisha chakula, kisha mtu anadokoa hadi daku. Ukivua trei magharibi na kuirudisha alfajiri umepoteza karibu nusu ya siku.

Panga milo iwe na mwanzo na mwisho: futari, chakula cha usiku, daku. Kati ya hiyo vaa trei na unywe maji tu. Daku ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Baada yake piga mswaki na uzi kikamilifu kabla ya adhana, kwa sababu mchana kinywa kitakuwa kikavu na kilichobaki chini ya trei kitashinda humo. Kwa wenye vyuma ni hivyohivyo, hasa tende za kufungulia. Aliye na wasiwasi na dawa ya mswaki mchana wa saumu ana mswaki wa mti.

Trei imepotea.

Piga simu siku hiyohiyo. Huku ukisubiri jibu vaa ile iliyotangulia, ndiyo maana tunasema usitupe za zamani. Usiruke kwenda ya mbele bila kuuliza. Ukiwa umebakiza siku chache daktari anaweza kukuruhusu, ukiwa umeianza juzi hapana.

Nimeona mtandaoni mtu ameziba pengo kwa raba ya kawaida. Nijaribu?

Tafadhali usijaribu. Raba inayozungushiwa meno mawili huteleza kupanda kwenye mzizi, ikazama chini ya ufizi isionekane, na kuukata mfupa unaoshika jino. Meno mazima yamepotea kwa njia hii. Trei za kujipima mwenyewe na kutumiwa kwa posta nazo zina shida ya kutokuwa na mtu wa kumrudia: kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub ilifunga Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki wakijiuliza wapeleke wapi vinywa vyao. Najua madaktari bingwa wa kupanga meno wako zaidi miji mikubwa, na nauli ya kutoka Kigoma si mchezo. Ongea na daktari upange ziara chache zenye picha za simu katikati.

Naweza kusugua kwa mkaa yawe meupe?

Si sasa. Mkaa unakwaruza, unajificha pembeni mwa braketi, na chini ya braketi haufiki, hivyo ukivuliwa utakuwa na miraba. Subiri zitoke.

Nacheza mpira, na jirani yangu anapiga tarumbeta.

Mpira na ngumi vaa kinga ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya brasi. Ile ya kuchemsha na kung'ata inakamata vyuma. Mpiga tarumbeta abandike nta mbele, afanye mazoezi mafupi wiki mbili za mwanzo, na asiwekewe brasi wiki ya harusi kubwa.

Brasi zimetolewa. Nimemaliza?

Umemaliza nusu inayoonekana. Meno yana tabia ya kurudi yalikotoka, na miezi ya kwanza ndiyo hatari zaidi. Utapewa riteina, kifaa cha kushikilia meno yasirudi: wengi huivaa mchana na usiku mwanzoni, kisha usiku tu, kwa miaka. Isafishe kama trei, bila maji ya moto. Kama umegandishiwa waya mwembamba nyuma ya meno, uzi unapita chini yake kama ulivyofanya kwenye brasi. Ukivaa riteina usiku mmoja ukaona inabana, umezikosa siku kadhaa. Vaa mfululizo hadi ikae vizuri. Ikikataa kuingia kabisa usiilazimishe, chukua simu upange miadi wiki hiyohiyo.